Nusu ya Mama Meno

Jumamosi jioni, katibu wa klabu alikuwa akisukuma maji ya mvua nje ya uwanja kwa ufagio wa mpira, na Mama Meno alikuwa ameketi kwenye benchi akizungushia utepe mpini wa kibao chake cha kuchezea mpira, alipoona kwamba mstari wa kati umesogea kuja upande wake. Haukuwa umesogea sana, upana wa kiganja hivi. Alimwita katibu amwonyeshe. Katibu, mzee mstaafu wa posta ambaye hakupenda jambo lolote lianze siku isiyo ya kikao, aliinama, akautazama mstari, akautazama wavu, akasema, "Kweli, umesogea." Kisha akaendelea na maji yake.

Jina la Mama Meno alipewa na watoto wa mtaani, na lilikuwa jina la haki. Alifanya kazi katika karakana ndogo nyuma ya zahanati, akitengeneza meno ya bandia: anamimina plasta kwenye chapa ya fizi, anapanga jino moja moja kwenye nta, anapasha, anakwangua, anasugua mpaka ling'ae. Nusu ya mtaa walitafunia kazi ya mikono yake, na wengine wao walimsengenya kwa meno hayo hayo. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na watu wote, mkewe akiwemo, walimwita Mwalimu. Gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali upande wa mwanafunzi na pedali nyingine upande wa mwalimu, na breki iliyolika kwa kukanyagwa ilikuwa ya mwalimu. Mwanafunzi akikaribia mtaro, breki imeshakanyagwa. Akichelewa kukata kona, mkono wa Mwalimu umeshafika kwenye usukani. Miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wake aliyekwaruza hata ndoo ya taka. Siku ya mtihani wengi walifeli, maana mguu wa Mwalimu haukuwemo garini, lakini yeye alisema watahini wa siku hizi wana roho mbaya.

Nyumbani nako mguu ule ulikuwa kazini. Mama Meno akianza kumenya kitunguu, Mwalimu alimalizia. Akianza kusimulia jambo mbele ya wageni, Mwalimu alimalizia, tena kwa ufasaha. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti. Alichokuwa hawezi kukivumilia ni kumwona akikosea, na kwa kuwa mtu anaweza kukosea wakati wowote, hakupumzika.

Mchezo uliletwa na binti yao wa pekee, aliyehamia mji mwingine kikazi. Alipiga simu akasema, "Sasa ninyi wawili mtakaa mnatazamana tu humo ndani kama picha za ukutani? Tafuteni kitu mfanye pamoja." Wiki iliyofuata akawatumia vibao viwili na mipira ya plastiki iliyotobolewa matundu. Mchezo wenyewe uliitwa pikoboli na ulikuwa umeenea kama mafua. Uwanja wake ni mdogo, wavu unafika kiunoni, watu wanacheza wawili kwa wawili. Mstari wa kati unagawa kila upande nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Anayeanzisha anasimama nyuma ya nusu yake, kati ya mstari wa kati na mstari wa pembeni, anaupiga mpira kutokea chini ili uende mshazari na kutua kwenye nusu ya mpinzani. Eneo lililo karibu na wavu linaitwa jikoni, na aliyesimama humo haruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Mama Meno aliipenda sheria hiyo akatamani ingekuwepo na nyumbani.

Basi walianza. Na tangu siku ya kwanza, mpira ukija katikati, Mwalimu alipaza sauti, "Wangu!" akaupiga. Ukija upande wa mkewe kidogo, "Wangu!" Ukija moja kwa moja kwenye kibao cha mkewe, aliyekwisha kujipanga, magoti yamekunjwa na macho yakiwa kwenye matundu ya mpira, Mwalimu alikata mbele yake kama pikipiki, "Wangu!" Na kila alipopaza sauti hiyo mstari wa kati ulisogea, uzi mmoja au nyuzi mbili. Bandu bandu huisha gogo. Wenza hao walipobadilishana pande, mstari nao ulihama, ukamfuata Mama Meno upande mwingine kama paka anayejua ni nani mwenye samaki.

Mama Meno hakuwa na makuu. Hakutaka kikombe wala sifa. Alitaka apate mpira mmoja ulio wake, auone ukija, aupige, na ukienda nje iwe yeye ndiye aliyeutoa nje. Jambo hilo dogo alilitaka kwa nguvu mpaka likawa linamuuma chini ya mbavu, naye akaona haya, kwani mtu mzima ataelezaje kwamba ana uchungu wa mpira wa plastiki?

Klabu ilikaa kikao. Wakamwita fundi wa rangi, yuleyule aliyechora uwanja ulipofunguliwa. Alikuja na kamba yake, akapima huku na huku, akapiga goti, akakwaruza rangi kwa ukucha na kuinusa.

"Mstari ni wangu," akasema. "Rangi ni ile ile, mkono ni ule ule."

"Lakini haupo pale ulipouchora," katibu akasema.

"Haupo, ndiyo. Umehama."

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi ninapaka mstari pale ulipo. Nikipaka pale usipokuwepo mtakuwa na mistari miwili, na hapo ndipo mtakapogombana."

Hoja hiyo ilionekana ina mantiki. Kikao kikapitisha kwamba mstari ni mstari, na fundi wa rangi akaupaka upya hapo ulipofika, mweupe safi. Mama Meno alinyoosha mkono kutaka kusema neno. Mwalimu alisimama akasema kwa niaba ya familia kwamba wao hawana malalamiko.

Na kwa nini wangekuwa nayo? Walikuwa wameanza kushinda. Nusu ya Mama Meno ilipopungua, wapinzani walipata taabu ya kuipata. Mfamasia na mkewe, wachezaji wa kupigiwa mfano, walianzisha mipira yao mizuri mshazari kwenda kwa Mama Meno, na mipira ikatua nje, kwa kuwa palipokuwa ndani mwezi uliopita sasa palikuwa nje. Mipira iliyoelekezwa kwa Mwalimu aliipokea Mwalimu, na iliyosalia pia aliipokea Mwalimu. Wakawafunga mfamasia na mkewe, wakawafunga mafundi bomba wawili waliokuwa ndugu, wakawafunga mwalimu mkuu na shemeji yake. Watu wakawapongeza. "Ninyi mnaelewana bila hata kusemezana," mke wa mfamasia alisema, akimshika Mama Meno bega, naye Mama Meno alicheka, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye adabu na meno mazuri.

Kisha mstari ukaingia nyumbani.

Ulianzia sebuleni, mweupe juu ya sakafu ya saruji, ukapita chini ya kochi na kuacha mto mmoja upande wa Mama Meno. Ukaingia chumba cha kulia, ukapanda meza, ukakata kitambaa cha meza na kumwachia mahali pa sahani na kikombe, halafu mahali pa kikombe peke yake. Kitandani ulipita juu ya shuka, na aliifua shuka mara mbili kwa maji ya moto, ikatakata yote isipokuwa mstari. Alijifunza kulala kwa ubavu, mgongo ukiwa umebanwa na ukuta. Mwalimu hakuona ubaya. Kwa upande wake kitanda kilikuwa kimezidi kuwa kizuri.

"Hujalala vizuri?" alimuuliza asubuhi moja.

"Sina pa kujigeuza."

"Wewe hujawahi kupenda kujigeuza," Mwalimu akasema, na akamkorogea chai.

Palibaki karakana. Kule hapakuwa na mstari. Benchi lake lilikuwa benchi lake mwanzo hadi mwisho: plasta kushoto, nta katikati, taa ya moto kulia, na mbele yake safu ya taya nyeupe zilizomkodolea bila kusema kitu. Akikosea kupanga jino, lilikuwa kosa lake, analing'oa kwenye nta, analipanga tena. Jioni zile alichelewa kutoka makusudi. Bosi wake, mama mtu mzima aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alipenda kazi yake na alikuwa akitafuta mtu wa kumwachia mafunzo ya wanagenzi.

"Wewe unaonaje, bibie?" alimuuliza siku moja wakiwa wanafunga. "Utawaweza?"

Mama Meno alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu mwaka juzi, limekaa tayari, na moyo ulimdunda kwa furaha ya kuulizwa. Lakini siku hiyo Mwalimu alikuwa amekuja kumchukua kwa sababu ya mawingu, na alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

"Ah, hilo niachie mimi, mama," Mwalimu alimwambia bosi kwa upole. "Kwa sasa hataweza. Tuna mashindano, ana mazoezi, na yeye akizidiwa na kazi kichwa kinamuuma. Si ndiyo, mama watoto?" Alimwita mama watoto ingawa mtoto alikuwa mmoja.

Wote watatu waliutazama mstari ukipita juu ya benchi, ukitenganisha nta na plasta. Bosi alishusha miwani ya kichwani, akautazama vizuri, kisha akaisogeza ile taa ya moto upande wa pili ili isiwe juu ya mstari. Kesho yake mafunzo alipewa kijana mwingine wa karakana, na Mama Meno akapewa kigoda pembeni ya benchi.

Usiku huo, mezani, aliamua kusema. Alikuwa amekunja viwiko ubavuni, kikombe kiko mbele yake peke yake.

"Mwalimu. Niachie mipira yangu."

Mwalimu aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Alishangaa kidogo, na huo ndio mshangao pekee katika habari hii yote.

"Nikuachie? Sasa ukikosa?"

"Nikikosa nimekosa mimi."

"Lakini mimi nipo pale! Watu watasema nini? Mume yupo, anaona mpira, anamwachia mkewe aaibike?"

"Mimi siaibiki kwa kukosa. Nilikosa mara ngapi kabla hatujaoana? Nilianguka na baiskeli, nilichoma nguo kwa pasi, nilifeli hesabu. Nilikuwa mzima."

"Ndiyo," Mwalimu alisema kwa huruma ya kweli. "Na tangu nikuoe hujaanguka hata mara moja."

Mama Meno alitazama kikombe. Alitamani kukitupa ukutani, na aliona kwamba hata ukuta uko upande wa Mwalimu.

"Sawa," Mwalimu alisema baadaye, kwa sababu alimpenda. "Nitajaribu. Jumamosi sitasema neno."

Na alijaribu kweli. Jumamosi hiyo aliingia uwanjani na taulo kati ya meno, akaling'ata kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Mpira wa kwanza ulikwenda kwa mkewe. Mwalimu hakutamka kitu. Shingo ilimvimba, macho yakamtoka, na mguu wake wa kulia ukakanyaga chini, mara moja, kwa nguvu, ukitafuta pedali. Mstari ukaruka kiganja kizima. Mpira, ambao ulikuwa unakwenda kwa Mama Meno, ukawa umetua kwa Mwalimu, naye akaupiga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuupiga. Mpira wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Baada ya mpira wa tatu Mama Meno alimwendea, akamtoa taulo mdomoni, akalikunja.

"Acha tu," alimwambia. "Sema. Ukinyamaza unasogea zaidi."

Kuanzia hapo hakumwomba tena. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakuweza kumpunguzia, nalo lilikuwa kuanzisha. Sheria za mchezo zilisema kila mmoja ataanzisha kwa zamu yake, mume awepo asiwepo. Mama Meno alianzisha vizuri. Kiganja kilichozoea kusugua jino bila kulivunja kilijua kuusukuma mpira utue pale pale unapotakiwa kutua. Mpira huo mmoja, kutoka mkononi mwake mpaka ng'ambo ya wavu, ulikuwa wake, na aliufikiria juma zima. Aliufikiria akiwa kigodani, aliufikiria akiwa amelala ubavu. Hofu yake ilikuwa kwamba anayeanzisha sharti asimame nyuma ya nusu yake, na nusu yake ilikuwa imebaki upana wa nyayo mbili, kisha wa unyayo mmoja. Akaanza kufanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja akisubiri maji yachemke. Halafu akafanya mazoezi ya kusimama kwa vidole. Nyama za miguu zilimuuma, lakini alisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wiki ya fainali binti yao alikuja, na mchumba wake. Harusi yao ilikuwa mwezi unaofuata. Mchumba alikuwa mpimaji wa ardhi, kijana mpole, mwenye heshima, aliyempokea Mama Meno mkoba kabla hajapata nafasi ya kumsalimia. Binti alipoingia sebuleni aliutazama mstari ulivyopita, akauruka kwa hatua ndefu ili asiukanyage, akaenda kumkumbatia mama yake pale ukutani.

"Mama, umepungua."

"Mazoezi," Mwalimu akajibu.

Fainali ilichezwa dhidi ya kinyozi na mkewe. Kinyozi alikuwa mtu mnene asiyependa kukimbia, na mkewe alikimbia kwa niaba ya wote wawili. Walipokuwa wakifunga kamba za viatu, mke wa kinyozi alimtazama Mama Meno, akatazama ule uwanja, akatikisa kichwa kwa wivu.

"Wewe mwenzangu una bahati. Wangu hakimbilii hata simu ikilia. Mimi ndiyo nimekuwa uwanja mzima."

"Kwako kuna mstari?" Mama Meno akamuuliza.

"Upo. Uko kule kwake, karibu na kochi. Anaulalia tu."

Mama Meno alifikiri juu ya jambo hilo kwa muda. Alijiuliza kama angepewa achague, angechagua lipi, na akaona kwamba hakuna aliyemuuliza mke wa kinyozi pia.

Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mchezo ulikwenda kiume, kwa maana ya kwamba Mwalimu alikuwa kila mahali. "Wangu!" mbele, "Wangu!" nyuma, "Wangu!" juu ya kichwa cha mkewe. Mke wa kinyozi alirudisha kila kitu. Nusu ya Mama Meno ikawa upana wa mkanda, ikawa upana wa kamba ya kiatu. Zamu zake mbili za kwanza za kuanzisha aliziwahi kwa vidole vya mguu mmoja, akayumba, akapiga, na mpira ukatua ndani. Watu walimpigia makofi, na yeye mwili mzima ulimwamka kwa raha, akahisi damu mpaka kwenye masikio.

Ikafika kumi kwa tisa, wao wakiongoza. Mshindi ni wa kumi na moja. Mwalimu alikuwa ameshaanzisha akapoteza, na zamu ikawa ya Mama Meno. Pointi ya kikombe ilikuwa mikononi mwake.

Mwamuzi alikuja akapiga goti nyuma ya mstari wa mwisho. Alikuwa mtu makini. Akaangalia nafasi iliyobaki kati ya mistari miwili, akaangalia mguu wa Mama Meno, ambao sasa ulisimamia kidole gumba peke yake, ukucha ukiwa umenyooka.

"Kidole kimo," akatangaza. "Endelea."

Mama Meno alivuta pumzi. Aliwaza: huu ni wangu, nikiukosa nimeukosa mimi. Hakuwahi kusimama sawasawa kama alivyosimama pale, juu ya kidole kimoja. Akauachia mpira, akaupiga kutokea chini, na akajua tangu ulipogusa kibao kwamba ni mpira mzuri kuliko yote aliyowahi kuipiga. Ulipanda bila haraka, ukavuka wavu ukiwa na nafasi ya kutosha, ukaanza kushuka kuelekea kwenye kona ya mbali, pale ambapo mke wa kinyozi hayupo na hata kwa mbio zake asingefika.

"Wangu!" Mwalimu akapaza sauti.

Hakukusudia. Mpira ulikuwa hewani na mdomo wake ulizoea.

Mpira ulisimama juu ya nusu ya wapinzani, ukajigeuza, ukavuka wavu kurudi, ukaja kwa Mwalimu kwa utii. Naye akaupiga. Ulikwenda moja kwa moja, ukampita kinyozi sikioni na kutua ndani. Mwamuzi alifikiri kidogo. Akamtazama katibu, naye katibu akaangalia saa yake, kwa sababu uwanja ulikuwa umeombwa na kwaya baada yao.

"Kumi na moja," mwamuzi akasema.

Watu wakashangilia. Mwalimu alimkumbatia mkewe, machozi ya furaha yakimtoka, machozi ya kweli. "Umeona nilivyouokoa? Umeona?"

"Ulikuwa unaingia," Mama Meno akasema.

"Nini?"

"Mpira. Ulikuwa unaingia wenyewe."

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu. "Labda," akasema. "Lakini sasa tuna uhakika."

Mama Meno alitazama chini. Mstari wa kati ulikuwa umefika kwenye mstari wa pembeni, na hiyo miwili imekuwa mmoja mnene. Yeye alikuwa amesimama nje yake, kwenye simenti ya kijivu pamoja na chupa za maji na mikoba. Alijaribu kurudisha mguu ndani. Haukukataliwa na mtu. Ila hapakuwa na ndani ya kuuweka. Alilia basi, wazi wazi, mikono ikiwa imening'inia, na waliomwona walisema ushindi mtamu.

Kikombe alikabidhiwa Mwalimu, akakipokea kwa mikono miwili. Watu walipoanza kutawanyika, na wanakwaya walipokuwa wakisubiri pembeni na viti vyao, binti aliokota vibao vilivyoachwa kwenye benchi. "Hebu na sisi tujaribu kidogo," akamwambia mchumba. Mke wa kinyozi na mwamuzi wakakubali kuwapa mchezo wa dakika chache. Binti akasimama kulia, mchumba kushoto, na mstari ulikuwa umesharudi kwa ajili yao katikati kabisa, umenyooka, kila mmoja na nusu yake kamili. Binti aliruka ruka mahali pake akipasha miguu. Alikuwa na nafasi kubwa sana.

Mpira wa kwanza ulikuja katikati. Wote wawili waliunyooshea kibao.

"Wangu, mpenzi," mchumba alisema kwa sauti ya upole, na akaupiga vizuri.

Binti alicheka. Mstari ulisogea upana wa uzi. Mama Meno aliuona kwa sababu alijua pa kuangalia, na moyo ulimpasuka. Akaenda mpaka ukingo wa uwanja, vidole vikigusa ile rangi nyeupe, akakusanya sauti yake yote. Alitaka kusema usimpishe. Usimpishe hata mara moja, hata kwa mapenzi, hata akikuomba vizuri.

"Mwanangu!" akaita. "Usim—"

"Usimwingilie mwenzio," Mwalimu alimalizia nyuma yake, kikombe kikiwa kwapani, akitabasamu. "Mpishe, mwanangu. Huo ndio mchezo wa wawili."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mdomo wazi, akaona kwamba wanasema jambo moja. "Sawa, baba," akajibu. "Sawa, mama." Akasogea hatua moja pembeni, akakunja magoti kidogo, akasubiri mpira.